Nani Aanze Kujitazama?

Kuna methali ambazo tumezitumia mpaka zimechakaa kama sarafu ya zamani. Nyani haoni kundule, huliona la mwenziwe. Hapa Kimara huhitaji kwenda mbali kuikuta. Utaisikia kituoni Kimara Mwisho watu wakigombania nafasi kwenye mwendokasi, utaisoma kwenye kanga iliyoanikwa uani, utaikuta kwenye kundi la WhatsApp la mtaa kila ada ya takataka inapojadiliwa. Mmoja anauliza fedha za ulinzi shirikishi zimekwenda wapi, mwingine anamjibu kwamba yeye mwenyewe ana miezi miwili hajalipa. Mjadala unaishia hapo. Swali la fedha halijajibiwa, lakini aliyeuliza amenyamaza.

Kwa sababu hiyo nimekuwa nikiitilia mashaka kidogo hekima hii ya kale, ingawa naipenda. Ina kazi mbili. Ya kwanza ni kumrudisha mtu nafsini mwake kabla hajanyoosha kidole. Ya pili ni kumfunga mdomo. Maneno ni yale yale, ila kazi inayofanyika inategemea nani anamwambia nani. Na katika historia yetu zipo siku ambapo kazi zote mbili zilifanyika kwa pamoja, hata kinywani mwa mtu mmoja.

Tuanzie mbali kidogo, kisiwani Pate, kaskazini ya pwani ya Kenya ya leo. Mwanzoni mwa karne ya 19, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alitunga utenzi wa Al-Inkishafi. Pate ilikuwa imekwisha kuonja utajiri na sasa ilikuwa inaporomoka. Vita vya kugombea ufalme na ushindani na Lamu vilikuwa vimeimaliza nguvu. Majumba ya mawe yaliyokuwa na taa, mazulia na vyombo vya Uchina yalibaki magofu ya popo na buibui. Mshairi alikuwa na kila sababu ya kuwasema matajiri wa Pate, maana kiburi chao kilikuwa kinajulikana na anguko lao lilikuwa mbele ya macho yake.

Lakini hakuanza nao. Aliuita moyo wake mwenyewe, akausimamisha mbele yake kama mtu anavyomsimamisha mwanawe, akauuliza kwa nini hauzinduki. Matajiri wanakuja baadaye, na wanakuja kama ushahidi wa kuuonya moyo huo. Nadhani ndiyo maana utenzi ule bado unasomwa baada ya miaka 200. Angekuwa amewatukana matajiri tu, ungekuwa umezikwa pamoja nao.

Hiyo ndiyo sura nzuri ya hekima hii, ya mtu anayejianza mwenyewe kwa hiari wakati hakuna aliyemlazimisha. Swali ni kama taasisi inaweza kufanya hivyo. Chama je? Serikali je?

Mwaka 1962 kuna mtu aliyejaribu. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Wiki sita baadaye, Januari 1962, Julius Nyerere aliuacha uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa, akarudi kukiimarisha chama cha TANU. Katika mwaka huo alitoa kijitabu chembamba chenye jina la neno moja: Tujisahihishe.

Jina lenyewe linatosha kumfikirisha mtu. Hakusema wajisahihishe, wala jisahihisheni. TANU wakati ule ilikuwa kileleni. Ilikuwa imemwondoa mkoloni bila vita, na wapinzani wake walikuwa wachache mno. Chama kilichoshinda namna hiyo kwa kawaida hujipongeza. Nyerere akaandika kwamba wanachama wamegawanyika kwa ubinafsi, kwamba watu wanasengenyana pembeni badala ya kuambiana waziwazi, kwamba viongozi hawajifunzi. Na hoja ninayoipenda kuliko zote mle ndani ni hii: ukweli haubadiliki kwa sababu ya cheo au urafiki wa mtu anayeusema. Ukiikataa hoja kwa kuwa humpendi msemaji, unajiumiza mwenyewe, maana jambo lililosemwa linabaki pale pale.

Tazama hoja hiyo inavyopishana na methali ya nyani. Methali inasema: mtazame anayesema. Kijitabu kinasema: tazama kinachosemwa. Mtu mwenye busara anazihitaji zote mbili, ila kwa mpangilio. Ninapotaka kukosoa, niikumbuke methali. Ninapokosolewa, nikikumbuke kijitabu. Tabu inaanza tunapozigeuza, yaani ninapokosolewa nakimbilia nyani, na ninapokosoa najiita mtetezi wa ukweli.

Miaka minne baadaye mpangilio huo ulipata mtihani, na mtihani huo ulianzia jirani na kwetu. Ukiwa Kimara Baruti unaweza kukata kupitia Msewe ukatokea Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1961 chuo kilianza katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikahamia mlimani mwaka 1964. Wakati ule Kimara ilikuwa nje ya mji. Wanafunzi waliokaa mlimani waliuona mji kwa mbali, na wengi wetu tunaowatazama leo kwa mbali vilevile tunasahau kwamba walikuwa vijana wa umri wa miaka ishirini na kitu, wenye hofu za kawaida kuhusu kazi na mshahara.

Serikali ilikuwa imeamua kwamba wahitimu wote lazima waingie Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili: miezi kadhaa kambini, kisha miezi 18 kazini wakipokea asilimia 40 tu ya mshahara. Wanafunzi wakapinga. Tarehe 22 Oktoba 1966 waliandamana mjini, pamoja na wenzao wa vyuo vingine, wakafika Ikulu. Walikuwa na hoja mbili. Ya kwanza ilikuwa kwamba masharti ni makali mno. Ya pili ndiyo iliyochoma, kwamba viongozi wanaotaka vijana wajinyime wao wenyewe wanalipwa mishahara mikubwa na hawajinyimi kitu. Kwa lugha ya mtaani, nyani haoni kundule. Na miongoni mwa mabango lilikuwapo lililosema kwamba ilikuwa afadhali wakati wa ukoloni.

Nyerere aliwasikiliza, kisha akakasirika kama alivyokasirika mara chache hadharani. Kilichofuata ndicho kinachonifanya nirudi kwenye siku ile kila mara. Aliikubali hoja yao ya pili. Alisema mishahara ya viongozi ni mikubwa kweli, pamoja na wake, na kwamba wote waliokuwa pale, yeye na wao, walikuwa wa tabaka linalokula jasho la wakulima. Hapo hapo akatangaza kuukata mshahara wake kwa asilimia 20. Kisha akawafukuza chuo. Karibu vijana 400 walirudishwa makwao, na wengi wao waliruhusiwa kurudi masomoni mwaka uliofuata.

Soma tena mfuatano huo polepole. Alikosolewa, akajitazama, akaliona kosa, akaanza kulirekebisha siku ile ile, tena mfukoni mwake mwenyewe. Viongozi wangapi wamefanya hivyo, hapa kwetu au popote? Lakini pia: waliomwonyesha kosa aliwaadhibu. Ukweli waliousema ulibaki Ikulu ukafanya kazi, wao wakapelekwa nyumbani.

Niliwahi kulileta suala hili kwenye kijiwe cha kahawa karibu na Kimara Korogwe. Mzee mmoja mstaafu alinikatiza kabla sijamaliza.

"Mwanangu, wale hawakufukuzwa kwa kusema ukweli. Walifukuzwa kwa kutaka mkulima awalipie shule halafu wasimrudishie kitu."

"Sawa mzee," nikamjibu, "lakini mshahara mkubwa aliukubali kuwa mkubwa."

"Aliukubali. Wao walikubali lao?"

Sikupata jibu la haraka, na sidhani kama lipo. Mzee alikuwa na hoja. Vijana wale walikiona kibanzi cha serikali kwa usahihi kabisa, lakini bango la kusifu ukoloni halikuandikwa na watu waliojichunguza. Elimu yao ililipwa na kodi ya nchi ambayo watu wake wengi hawakuwa wamekanyaga darasa. Kutakiwa kurudisha kitu halikuwa tusi. Kwa upande mwingine, hoja ya mzee haifuti hoja yangu. Mwanafunzi mwenye ubinafsi anaweza kusema jambo la kweli kuhusu mshahara wa waziri, na kijitabu cha 1962 kilikuwa kimekwisha kuamua jambo hilo.

Miezi mitatu baadaye, mwishoni mwa Januari 1967, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Arusha, na tarehe 5 Februari Azimio la Arusha likatangazwa. Tunalikumbuka zaidi kwa utaifishaji wa mabenki na viwanda. Lakini sehemu iliyowauma wakubwa ilikuwa masharti ya uongozi: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Siwezi kuyasoma masharti hayo bila kuisikia sauti ya vijana wa Oktoba 1966. Waliuliza mbona ninyi hamjinyimi, na jibu likawa sheria ya chama. Wakosoaji walikuwa wameondolewa, ukosoaji wao ukawa sera.

Februari 1971 TANU ikatoa Mwongozo, ambao katika ibara yake ya 15 uliwakataza viongozi majivuno, dharau na uonevu. Wafanyakazi waliichukulia ibara hiyo kwa uzito kuliko walioiandika walivyotarajia. Viwandani walianza kuwafungia nje mameneja wenye matusi, wakiwa na Mwongozo mkononi. Mlimani, Julai mwaka huo huo, rais wa serikali ya wanafunzi, Symonds Akivaga, kijana kutoka Kenya, alimwandikia mkuu wa chuo barua ya wazi iliyoukosoa uongozi kwa lugha hiyo hiyo ya Mwongozo. Askari waliitwa chuoni, Akivaga akakamatwa na kurudishwa Kenya. Kwa mara nyingine walioshika mpini waliandika kwamba wanapaswa kukosolewa, na walioshika makali wakajifunza kwamba kuandikwa ni jambo moja na kukosoa ni jambo jingine.

Katikati ya miaka hiyo Nyerere alikuwa na kazi nyingine ya usiku. Mwaka 1963, mwaka mmoja baada ya Tujisahihishe, ilichapishwa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar, ambayo baadaye aliirekebisha na kuiita Juliasi Kaizari. Mwanzoni mwa tamthilia hiyo kuna mazungumzo kati ya Cassius na Brutus kuhusu jambo letu hili hili. Brutus anakiri kwamba jicho halijioni lenyewe, linahitaji kitu kingine cha kuliakisi. Cassius anajitolea kuwa kioo chake. Anayejua mchezo unavyoendelea anajua kwamba kioo hicho kina hila. Cassius anamwonyesha Brutus sura inayomfaa Cassius, na mwisho wake ni damu.

Hapo ndipo hekima ya kujitazama inapokuwa ngumu kuliko methali inavyoonyesha. Hatujioni wenyewe, kwa hiyo tunahitaji wenzetu. Watu wa pwani husema muumini ni kioo cha muumini mwenziwe. Lakini si kila kioo kimenyooka. Kuna wanaotuonyesha makosa yetu ili tupone, na kuna wanaotuonyesha ili tuwafuate. Mtawala aliyezungukwa na wasifiaji hana kioo kabisa. Aliyewafukuza wakosoaji amevunja vile vilivyokuwapo, hata kama aliwahi kujiona humo kwa dakika moja.

Lazima niseme kwamba Nyerere hakuacha kujitazama. Mwaka 1977, Azimio lilipotimiza miaka kumi, alitoa tathmini yenye jina Azimio la Arusha Baada ya Miaka Kumi. Wengine wangeandika kitabu cha sherehe. Yeye alikiri kwamba Tanzania haikuwa bado nchi ya ujamaa wala haikuwa imejitegemea, akaeleza uzalishaji ulikoshindwa na urasimu ulikozidi. Mwaka 1984, akihojiwa na jarida la Third World Quarterly, alisema kwamba kama angeanza upya yapo mambo mawili asingeyafanya: kufuta serikali za mitaa, jambo lililofanyika mwaka 1972, na kuvunja vyama vya ushirika, jambo lililofanyika mwaka 1976. Mwaka uliofuata akang'atuka.

Ni uungwana mkubwa, na nausifu bila kinyongo. Lakini kujisahihisha kwa mwenye nguvu kuna tatizo la muda. Novemba 1973 ilitoka amri kwamba ifikapo mwisho wa 1976 watu wote vijijini wawe wanaishi katika vijiji vya ujamaa. Mamilioni walihamishwa. Katika sehemu nyingi nyumba zilibomolewa au kuchomwa ili wenyewe wasirudi. Wapo waliosema mapema kwamba njia hiyo si sawa, na wengi wao walikuwa wakulima wasiojua kuandika barua za wazi. Tathmini inayokuja miaka kadhaa baadaye inaisaidia historia. Haiezeki paa la mtu.

Kubomolewa nyumba ni neno ambalo Kimara hatuhitaji kufafanuliwa. Mwaka 1977 ulikuwa mbali. Mwaka 2017 bado uko kwenye kuta. Mwaka huo nyumba, maduka, makanisa na misikiti kandokando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia hapa Kimara kuelekea Kiluvya, viliwekewa alama ya X nyekundu na kubomolewa kupisha upanuzi. Hifadhi ya barabara ilitajwa kuwa mita 121 kila upande kutoka katikati. Wakazi wengi waliambiwa ni wavamizi, hivyo hakuna fidia. Wapo waliokuwa wamejenga wakijua, na mtu mkweli wa mtaa huu hatalikana hilo.

Kisha, Novemba mwaka huo huo, Rais John Magufuli akaagiza kwamba jengo la makao makuu ya TANESCO pale Ubungo nalo libomolewe sehemu iliyoingia kwenye hifadhi ya barabara, pamoja na jengo la Wizara ya Maji lililo jirani. X nyekundu ikapakwa kwenye ukuta wa serikali yenyewe. Watu walishangilia, na naelewa kwa nini, maana kwa mara moja mnyoosha kidole alikuwa amejinyooshea. Leo juu ya eneo hilo kuna Daraja la Kijazi, lililozinduliwa Februari 2021, na barabara ya njia nane inakwenda mpaka Kibaha.

Ila tazama mpangilio tena. Nyumba za watu zilianza, jengo la serikali likafuata. Hekima ya kale ingetaka kinyume chake. Serikali ingeanza kwa kujiuliza ilijengaje mita chache kutoka barabarani, na wananchi walifikishiwaje nguzo za umeme na mabomba ya maji katika eneo ambalo halikuwa lao. Maswali hayo yangeulizwa kwanza, huenda nyumba bado zingebomolewa, maana barabara ilihitajika. Lakini neno mvamizi lisingetamkwa kwa wepesi ule, na pengine mazungumzo ya fidia yangekuwa na sura nyingine.

Kwa hiyo, nani aanze kujitazama? Jibu la kistaarabu ni kila mtu, na silikatai. Sisi tuliosoma tunapenda kukosoa kwa herufi kubwa mtandaoni, na bango la 1966 linatukumbusha jinsi hoja ya kweli inavyoweza kubebwa na mtu asiyejichunguza. Lakini historia niliyoipitia hapa inanifundisha kwamba kujitazama ni kama kuvuka mto: mwenye nguvu atangulie. Kosa la mwanafunzi linamuumiza mwanafunzi na jirani zake. Kosa la anayeandika sheria linawafikia watu asiowajua, katika vijiji asivyowahi kufika, na linachukua miaka kuonekana.

Na kama mwenye nguvu hataki kutangulia, asiyekamilika asinyamaze kwa kungoja kuwa msafi. Hakuna msafi. Kule kwenye kundi letu la mtaa, anayedaiwa miezi miwili alipe, na fedha za ulinzi zielezwe. Madeni hayo ni mawili, na kulipwa kwa moja hakufuti jingine.